Diploma imetoka, kadi inakwisha



Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tisa, simu zetu zinaanza kulia na namba za Bulaya. Ni ndugu na dada zetu waliotoka Goma, Bukavu, Lubumbashi, Kinshasa, wakaenda kusoma, na sasa wamemaliza. Picha imewekwa ku Facebook, kofia na kanzu nyeusi, mama ameandika « Mungu ni mwema » chini yake, marafiki wameweka mioyo. Na usiku ule ule, mwenye picha anatuandikia: « Kamarade, kadi yangu inaisha tarehe 31 mwezi wa kumi. Nifanye je? »

Swali hili limetufikia mara nyingi mpaka tukaona kwamba si shida ya mtu moja. Tunazoea kuongea juu ya namna ya kupata viza ya kuenda. Kuko makundi ya WhatsApp ya hiyo, kuko watu wanaokula juu ya hiyo. Lakini juu ya siku ya kisha masomo, kimya. Njo maana leo tunaandika.

Dada mmoja wa Bukavu, mwenzetu wa siku nyingi, ametupatia ruhusa ya kueleza yake bila jina. Wazazi wake waliuza parseli, shangazi yake akaongeza pesa ya likelemba, naye akaenda kufanya masta ya afya ya jamii katika mji mmoja wa Ubelgiji. Wikendi alifanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, ndani ya zile saa 20 kwa juma ambazo sheria ya kule inamruhusu mwanafunzi. Wazee walimpenda. Mkubwa wa pale akamwambia: ukimaliza, kontra yako iko hapa. Mwezi wa sita somo moja likamwangusha, akalirudilia sesheni ya pili, akafaulu katikati ya mwezi wa tisa. Alibaki na majuma sita.

Kwa mtu aliyejitayarisha, majuma sita yanatosha. Lakini pasipoti yake ilikuwa imekufa tangu mwezi wa saba, na hakuwa ameona, juu kila pahali alionyesha kadi yake ya mkaaji tu. Akaenda kuomba nyingine katika ofisi moja ya nchi yetu kule nje. Siku ya kwanza: mashine haifanyi. Juma lililofuata: anayetia sahihi amesafiri. Juma la tatu wakachukua pesa na alama za vidole, wakamwambia angoje. Naye akangoja. Akafikiri: bila pasipoti siwezi kujionyesha ku komini. Tarehe 31 ikapita. Pasipoti ilipokuja, akakimbia na faili yake, wakamwambia amechelewa. Baadaye barua ikafika: amri ya kuondoka nchini. Ile kontra ya nyumba ya wazee ikaenda kwa mwingine.

Sasa analala kwa rafiki. Mama yake, ku kanisa, anasema binti yake anatayarisha doktora.

Kinachouma zaidi ni kwamba sheria ilikuwa upande wake. Hakuomba huruma. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeandika katika sheria yake ya mwaka wa 2016 kwamba mwanafunzi wa nchi ya nje akimaliza chuo kikuu, apewe muda usiopungua miezi 9 wa kutafuta kazi au kuanzisha biashara yake. Ubelgiji iliingiza jambo hilo katika sheria yake tarehe 11 mwezi wa saba 2021, nayo ikatoa miezi 12. Kabla ya hapo, mwenye kumaliza alipaswa kuwa amekwisha kupata bwana wa kazi na vibali vyote mbele ya kadi kuisha, jambo ambalo wachache waliliweza. Tangu mwaka ule, kuko mwaka mzima. Wenyewe wanauita mwaka wa kutafuta. Ndani yake unaweza kufanya kazi bila kuhesabiwa saa 20.

Masharti yake hayajafichwa. Diploma iwe ya chuo kikuu au shule kuu ya kule kule. Pasipoti iwe hai. Asiransi ya magonjwa iwepo. Uonyeshe pesa ya kuishi. Na faili ifike ku komini kabla kadi ya mwanafunzi haijaisha. Sharti hili la mwisho njo linaloua watu wetu. Kadi nyingi za wanafunzi zinaisha tarehe 31 mwezi wa kumi, na mtu wetu aliyezoea kwamba kwetu tarehe ni maneno tu, kwamba utaongea na mtu na mambo yatapangika, anafika tarehe 3 mwezi wa kumi na moja na tabasamu. Kule hakuna wa kuongea naye. Mwanasheria alimweleza dada yetu, ikiwa imechelewa, kwamba ingekuwa afadhali kupeleka faili mapema pamoja na ushahidi kwamba pasipoti imekwisha kuombwa, kuliko kungoja faili iwe nzuri na tarehe iwe imekufa.

Tena mwaka ule hauongezwi. Ukiisha bila kazi, umeisha. Ukipata kazi ndani yake, bwana wa kazi njo anakuombea kibali kimoja cha kazi na makao. Anakiomba kwa Jimbo ambalo kazi iko, Flandria, Wallonia ao Bruxelles, na kila Jimbo lina masharti yake. Mwenye kutaka kujitegemea, saluni, duka, kampuni ya programu za simu, anaomba kadi ya biashara. Hayo yote yanachukua miezi. Mwenye kuanza kutafuta mwezi wa tisa wa ule mwaka wa kutafuta amekwisha kuanguka. Tunawaambia wale walio mwaka wa mwisho leo: anzeni kutafuta mungali mnaandika kazi ya mwisho ya masomo.

Ufaransa nao wana mlango wao, lakini una ngazi ambayo watu hawaioni. Kuna kadi ya miezi 12 ya kutafuta kazi au kuanzisha kampuni. Inamhusu mwenye masta, ao lisansi ya ufundi wa kazi. Lisansi ya kawaida haitoshi! Hapa neno lenyewe linatudanganya. Kwa wazazi wetu, lisansi ilikuwa miaka mitano, ilikuwa kitu kizito, mtu aliitwa mulisansie na mtaa mzima ulijua. Leo na kwetu tumeingia katika mpango wa LMD, na lisansi ni miaka mitatu. Baba ambaye anamwambia mtoto « fanya lisansi, inatosha, kisha utapata kazi kule kule » anaongea juu ya lisansi ambayo haiko tena. Anayetaka kufanya kazi Ufaransa kisha masomo ahesabu mpaka masta tangu siku ya kwanza, na ahesabu pesa yake mpaka pale.

Kuko pia jambo moja la Ufaransa ambalo karibu hakuna mtu anatuuliza, na ni zuri. Mwenye diploma hiyo aliyerudi nyumbani anaweza bado kuomba ile kadi akiwa huku, katika miaka 4 tangu diploma itoke. Maana yake kurudi Goma kuzika baba, kujaribu mradi, kuona kama nchi itakushika, hakukati daraja. Na ndani ya ule mwaka, kazi unayopata iendane na masomo uliyosoma, na mshahara usiwe chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa chini wa Ufaransa, kama unataka kubadilisha kadi bila wakubwa wa kule kuuliza kwa nini hawakumchukua mtu mwingine. Kuosha sahani katika mkahawa ni kazi ya heshima, lakini kwa mwenye masta haibadilishi kadi.

Canada. Tunajua hapa macho yanafunguka. Kibali chao cha kufanya kazi kisha masomo ni kirefu: kinaanza miezi 8 na kinafika miaka 3, na tangu mwezi wa pili 2024 mwenye masta anaweza kupata miaka yote 3 hata kama masta yake ilikuwa fupi, ikiwa haikupungua miezi 8. Kinaombwa ndani ya siku 180 tangu chuo kithibitishe kwamba umemaliza. Kinatolewa mara moja tu katika maisha. Aliyekitumia kisha cheti kidogo cha mwaka moja hatakipata tena kisha masta. Tangu tarehe 1 mwezi wa 11 mwaka wa 2024 wanaoomba wanatakiwa pia kuonyesha mtihani wa luga, na kwetu hiyo ni bahati juu Kifaransa kinakubaliwa. Wale wa vyeti vya kolegi, si vya chuo kikuu, wanaangaliwa tena somo walilosoma kama liko katika orodha ya kazi zinazokosa watu.

Na hapa tunataka kuongea wazi juu ya makomisyonere. Mnawajua. Wana ofisi ndogo juu ya duka la simu, bendera nyekundu yenye jani ukutani, na kalenda ya chuo ambacho hakuna mtu amewahi kusikia. Wanachukua pesa ya « dosie », wanapata na fungu kutoka kwa ile shule. Wanakuuzia kolegi ya binafsi na kukuambia: ukimaliza, miaka mitatu ya kazi. Si kweli kwa kila shule. Kule Québec, tangu mwezi wa tisa 2023, anayemaliza programu ya kolegi ya binafsi isiyopata msaada wa serikali hapati kibali kile. Hakuna. Unalipa minervali, unaganda na baridi miaka miwili, unapata karatasi, na mlango umefungwa tangu siku uliyojiandikisha. Swali la kumuuliza komisyonere ni moja tu, na liulizwe kabla ya pesa kutoka mfukoni: programu hii, kwa jina lake na kwa shule hii, inatoa haki ya kibali cha kazi kisha masomo? Nionyeshe pahali serikali yao imeandika. Akianza kuongea juu ya watoto wengine aliowapeleka, simama uende.

Québec yenyewe ilibadilisha mengine. Njia waliyoiita PEQ, ambayo wengi wetu walipitia kutoka diploma mpaka makao ya daima, ilifungwa mwezi wa 11 mwaka wa 2025. Watu walikuwa wamekwisha kupanga maisha juu yake, wamezaa, wamekodi nyumba. Haya tunayosema leo yanaweza kubadilika kabla mdogo wako hajamaliza mwaka wa pili, kwa hiyo asome mwenyewe kila mwaka, ku ukurasa wa serikali yenyewe, si ku TikTok. Nje ya Québec, kinyume chake, kumefunguliwa kitu: tangu mwezi wa nane 2024 kuna mpango wa majaribio kwa wanafunzi wanaosema Kifaransa wanaoenda kusoma katika jamii za Kifaransa za majimbo mengine, na Kongo yetu imo katika nchi zinazohusika. Nafasi si nyingi. Lakini katika mpango ule mwanafunzi halazimishwi kuapa kwamba ataondoka kisha masomo.

Mnaona uzito wa hilo? Kwa njia ya kawaida, kijana wetu anakaa mbele ya faili na anaulizwa: utarudi kwenu? Akisema hapana, wanamkatalia. Akisema ndiyo, wanaweza bado kumkatalia, juu hawamwamini. Na wakati ule ule nchi ile ile inaweka matangazo: njoo usome, kisha ubaki ufanye kazi miaka mitatu. Hata kamati moja ya bunge la Canada iliandika mwaka wa 2022 juu ya namna wanafunzi wa Afrika wanaosema Kifaransa wanakatalwa kupita wengine. Tunawaambia wenzetu wasidanganye katika barua zao. Kusema « nataka kusoma, na nikimaliza nitafuata sheria yenu, iwe ni kubaki kwa kibali ao kurudi » ni ukweli, na hata sheria ya Canada inakubali mtu awe na nia zote mbili.

Si lazima kuvuka bahari. Wengi wetu wako Kampala, Nairobi, Kigali, Bujumbura. Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, wakubwa wakapiga picha, na ile jumuiya ina mkataba wa soko la pamoja, unaotumika tangu mwaka wa 2010, unaoongea juu ya wafanyakazi na wanafunzi kutembea bila vizuizi. Lakini kijana wa Beni aliyemaliza Kampala, pass yake ya mwanafunzi ni ya kusoma tu. Kufanya kazi ni kibali kingine, na bwana wa kazi anaona shida ya karatasi anachukua mwingine. Serikali yetu ilipasa kuwa inagonga meza juu ya hiyo. Hatujaisikia ikigonga.

Tuseme basi upande wetu, juu si haki kulaumu wazungu peke yao. Pasipoti ya Kongo tulilipa zamani dola 185, ikashuka mpaka 99 kisha watu kupiga makelele, na sisi tulikuwa kati ya wale waliopiga. Bei ilishuka, kungoja hakukushuka. Mwanafunzi aliye nje anakosa haki yake kwa sababu ofisi ya nchi yake haifanyi kazi yake ndani ya majuma sita. Hapo hatusemi ni bahati mbaya. Tunaomba mambo mawili, na tutayarudilia mpaka yasikike. La kwanza: kila ofisi yetu ya nje, mwezi wa nane mpaka wa kumi, iweke siku ya wanafunzi wanaomaliza, na anayengoja pasipoti apewe siku ile ile karatasi yenye muhuri inayoonyesha kwamba ameiomba. Haigharimu kitu. La pili: anayerudi na diploma ya nje asitembezwe mwaka mzima kati ya ofisi za Kinshasa kutafuta nani atatambua diploma yake. Mtu wa Goma, ambaye mji wake hauna hata ndege tangu mwezi wa kwanza 2025, atafika Kinshasa kwa njia gani, na kwa pesa ya nani?

Maana kuko wanaotaka kurudi. Tusiwasahau. Daktari wa mifugo mmoja wa kwetu alirudi kwa moyo wote. Akapeleka barua za kazi pahali kumi na moja. Swali alilopata mara nyingi halikuwa juu ya ng'ombe, lilikuwa: « Weye uko mutoto ya nani? » Na ku mtaa wakaanza: « Walimufukuza. Huko alishindwa. » Akiwa amerudi na karatasi safi kabisa, mkononi! Sisi wenyewe tunafanya hivyo, mama zetu, wajomba zetu, na sisi vijana kwa vicheko vyetu. Njo kwa sababu hiyo yule dada wa Bukavu hawezi kurudi hata leo ambapo angetaka. Si serikali ya Ubelgiji peke yake inamzuia. Anaogopa ile siku ya kushuka ku bandari, na watu kuhesabu masanduku yake.

Hatumwambii mtu abaki, wala hatumwambii arudi. Kati yetu wenyewe hatupatani juu ya hilo, na mkutano wa juma lililopita ulichelewa mpaka giza kwa sababu yake. Wengine walisema kila anayebaki ni mwalimu mmoja, mganga mmoja, tuliyempoteza. Wengine wakajibu kwamba mshahara anaotuma unasomesha watoto wanne. Tulichopatana ni kwamba mtu achague akiwa na kadi hai mfukoni. Aliyepoteza karatasi hachagui kitu: habaki kwa uhuru, harudi kwa uhuru.

Kwa hiyo, kwa wazazi wanaosoma hapa kupitia simu za watoto wao: kabla ya kuuza parseli, ulizeni pia kitu gani kinafuata kisha diploma, katika nchi ile, kwa somo lile. Mkipanga pesa, wekeni fungu la ule mwaka wa kutafuta, juu wataomba kuona pesa ya kuishi na asiransi, na hapo ndipo familia nyingi zimekwisha kuishiwa.

Na kwa wale walio nje sasa: dada yetu alitukubalia kuandika haya kwa sharti moja, tuweke maneno yake kama alivyoyasema. Haya: « Mufungue kabati. Mutoshe pasipoti. Muangalie tarehe. Kama inabakia chini ya mwaka, mwende kesho. »